Breki ya mbele kabla ya kona, ya nyuma ndani ya kona: Maarifa ya kumfikisha abiria wa bodaboda salama

PIKIPIKI husimama wima kwa urahisi ikiwa mbioni, na huyumba inapokaribia kusimama. Ndiyo sababu mwendeshaji anayesafiri kati ya Ruiru na Thika kwa kilomita 80 kwa saa bila wasiwasi huweza kuanguka na abiria wake anapogeuza mbele ya steji, kwa mwendo usiozidi ule wa mtu anayetembea.

Maanguko ya namna hiyo hayaandikwi magazetini. Hata hivyo, mguu uliounguzwa na ekzosi, kifundo kilichoteguka au goti lililovunjika humfungia abiria nyumbani kwa majuma kadhaa. Kwa mhudumu anayelipia mkopo wa pikipiki kila siku, siku moja bila kazi ni deni juu ya deni.

Aghalabu kiini cha mkasa huwa breki iliyoshikwa wakati usiofaa. Pikipiki ina breki mbili zinazofanya kazi tofauti, na kila moja ina mahali pake: ya mbele hutumika kupunguza mwendo pikipiki ikiwa imenyooka, na ya nyuma hutumika kuituliza ndani ya kona ya mwendo wa pole.

Makala haya yanaeleza sababu za kanuni hiyo, jinsi ya kuitekeleza katika barabara za Thika na Ruiru, na mazoezi ambayo mwendeshaji anaweza kuyafanya bila gharama.

Kazi hufanyika pembeni mwa barabara kuu

Thika na Ruiru ni miji mikubwa ya Kaunti ya Kiambu. Inaunganishwa na barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulianza mwaka wa 2009 na ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 9, 2012.

Sehemu kubwa ya kazi ya bodaboda hufanyika pembeni mwa barabara hiyo. Ni kwenye barabara za kando, karibu na makutano ya Eastern Bypass mjini Ruiru, na katika njia zinazoingia mitaa ya Kimbo, Kihunguro na Membley. Mjini Thika, ni katika mitaa kama vile Makongeni, Kiganjo, Landless na Ngoingwa.

Huko mwendo ni wa kusimama na kuondoka, kukunja na kugeuza. Lami huishia ghafla kwenye changarawe, matatu husimama bila ishara, na wapitanjia huvuka popote. Mhudumu huhitaji ustadi wa mwendo wa pole mara nyingi zaidi kwa siku kuliko anavyohitaji ule wa kasi.

Ustadi huo haukufundishwa kwa wengi. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, ambako baiskeli zilianza kubeba watu kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960. Pikipiki zilienea nchini Kenya kwa wingi baada ya serikali kuziondolea kodi zile zenye injini ndogo ya chini ya 250cc mwaka wa 2008.

Vijana wengi walioingia katika kazi hiyo walifundishwa na rafiki kwa siku chache: jinsi ya kuwasha, kubadilisha gia na kuachilia klachi. Kuhusu breki, mafunzo mara nyingi yalikuwa onyo moja tu, kwamba breki ya mbele huangusha.

Onyo lenye ukweli nusu

Onyo hilo halikutoka hewani. Mwendeshaji anayebana breki ya mbele ghafla usukani ukiwa umekunjwa, au gurudumu likiwa juu ya changarawe, huanguka kabla ya kuelewa kilichotokea. Anayeshuhudia tukio hilo huondoka na funzo kwamba breki yenyewe ndiyo mbaya.

Ukweli ni kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake, wa mwendeshaji na wa abiria huhamia mbele, jinsi abiria wa matatu anavyosukumwa mbele dereva anapokanyaga breki.

Uzito ukihamia mbele, tairi ya mbele hukandamizwa barabarani na kupata mshiko mkubwa. Ile ya nyuma hupungukiwa na uzito. Katika kusimama kwa nguvu kwenye lami kavu, takriban asilimia 70 ya kazi au zaidi huweza kufanywa na gurudumu la mbele.

Mwendeshaji anayetegemea breki ya nyuma pekee ana mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni kwamba pikipiki yake huchukua umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. La pili ni kuwa akikanyaga kwa nguvu kwa sababu ya hofu, gurudumu la nyuma hukwama na kuanza kuteleza kando.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Nchini Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles na kuchapisha ripoti mwaka wa 1981.

Waligundua kwamba mwendeshaji wa kawaida aliyepata ajali alikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hadi gurudumu likateleza, huku akiitumia ya mbele kidogo mno. Hofu ya breki ya mbele, basi, si ugonjwa wa Kenya pekee.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara

Ili kuelewa kwa nini breki hiyo hiyo huokoa mahali pamoja na kuangusha pengine, inafaa kufahamu kazi ya tairi. Sehemu inayogusa barabara ni ndogo, karibu kiasi cha kiganja cha mkono. Sehemu hiyo ndiyo inayosukuma pikipiki mbele, kuikunja na kuisimamisha.

Mshiko wake unafanana na mshahara wa mwezi. Ukitumiwa wote kwa kodi ya nyumba, hakuna kinachobaki cha kununua chakula. Tairi inayotumia sehemu ya mshiko wake kukunja kona hubaki na kiasi kidogo cha kusimamisha pikipiki. Ikidaiwa vyote viwili kwa wakati mmoja, huteleza.

Katika kona ya mwendo wa pole kuna hatari nyingine. Usukani huwa umekunjwa sana, na nguvu ya breki ya mbele huvuta pikipiki kwa pembe. Shoki za mbele hudidimia, mwendo mdogo uliokuwa ukiisaidia kusimama wima hutoweka ghafla, na uzito wote huangukia upande wa ndani wa kona.

Pikipiki ndogo za bodaboda, kama vile Bajaj Boxer na TVS, zina uzito wa zaidi ya kilo 100. Pamoja na abiria, mguu mmoja wa mwendeshaji hauwezi kuzuia mzigo huo ukishaanza kulala.

Breki ya nyuma haifanyi hivyo. Ikikanyagwa kwa wepesi, huvuta pikipiki kutoka nyuma, huinyoosha na kuituliza. Ndiyo maana katika mwendo wa pole huwa msaidizi mwema, ijapokuwa katika dharura nguvu zake ni chache.

Hatua za kukunja kona kwa mwendo wa pole

Kona huanza kabla ya kona yenyewe. Mwendeshaji anapaswa kutazama vioo, kuwasha taa ya ishara na kupunguza mwendo pikipiki ikiwa bado imenyooka na usukani ukiwa sawa. Hapa breki zote mbili hutumika, ya mbele ikibanwa kwa upole unaoongezeka.

Gia huteremshwa wakati huo huo. Kwa kona kali au kugeuza kurudi ulikotoka, gia ya kwanza ndiyo inayofaa, na kwa kona pana ya mtaani, ya pili hutosha.

Kabla ya usukani kuanza kukunjwa, breki ya mbele huachiliwa polepole. Vidole huondolewa kabisa kwenye mkono wa breki ikiwa mwendeshaji ana tabia ya kubana anaposhtuka.

Ndani ya kona, mambo matatu hufanya kazi pamoja. Klachi hushikwa nusu, mahali pale ambapo injini huanza tu kuivuta pikipiki. Mafuta huwekwa kidogo na kwa kiwango kisichobadilika. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma kwa wepesi, kiasi cha kuizuia pikipiki isikimbie bila kuisimamisha.

Huenda ikaonekana ajabu kukanyaga breki na kuweka mafuta kwa wakati mmoja. Lakini ndivyo pikipiki inavyotulia: injini huvuta, breki huzuia, na mwendeshaji hurekebisha mwendo kwa unyayo badala ya kufungua na kufunga mafuta kwa mikurupuko.

Macho yana kazi kubwa katika hatua hii. Pikipiki huelekea mwendeshaji anakotazama. Anayetazama shimo huingia shimoni, na anayetazama chini huishia chini. Kichwa kinapaswa kugeuzwa mapema hadi mahali ambapo kona inaishia.

Mwili nao husaidia. Katika mwendo wa pole, mwendeshaji huiacha pikipiki ilale upande wa ndani huku yeye akibaki wima, uzito wake ukiegemea kidogo upande wa nje. Hali hiyo huiwezesha pikipiki kukunja katika nafasi ndogo bila kupoteza mizani.

Kona ikiisha, breki ya nyuma huachiliwa kwanza, klachi hufunguliwa yote polepole, ndipo mafuta huongezwa.

Kushoto na kulia hakulingani

Kwa kuwa magari nchini Kenya hupita upande wa kushoto, kona ya kushoto huwa kali na ya kulia huwa pana. Kila moja ina hatari yake.

Kona ya kushoto, kwa mfano kutoka barabara ya kando kuingia mtaani, hupita karibu na ukingo wa lami. Hapo ndipo mchanga, changarawe na maji hukusanyika. Breki zote zinapaswa kuwa zimemaliza kazi kubwa kabla ya gurudumu kufika kwenye ukingo huo.

Kona ya kulia humlazimu mwendeshaji kukata njia ya magari yanayokuja. Mara nyingi husimama katikati akisubiri nafasi, na anaposimama usukani huwa tayari umekunjwa. Ni heri asimame pikipiki na usukani vikiwa vimenyooka, kisha akunje anapoondoka. Akigongwa kutoka nyuma akiwa amenyooka, hasukumwi moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja.

Kusimama bila kumtikisa abiria

Abiria humpima mhudumu kwa jinsi anavyosimama. Kofia ya abiria ikigonga ya mwendeshaji kila steji, breki imebanwa kwa ghafla au imeachiliwa vibaya.

Kusimama kwa ulaini kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni kugusa breki kwa wepesi ili uzito uanze kuhamia mbele na shoki zidimie taratibu. Ya pili ni kuongeza nguvu hadi mwendo upungue inavyotakiwa. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kulegeza breki ya mbele kidogo katika mita moja ya mwisho.

Bila sehemu hiyo ya tatu, shoki zilizodidimia huruka juu mara tu pikipiki inaposimama, na abiria hurushwa nyuma. Breki ya mbele ikilegezwa, ile ya nyuma ndiyo humalizia kazi na kuishikilia pikipiki pale iliposimama.

Klachi hubanwa kabla tu ya injini kuanza kutetemeka. Wanaoibana mita 30 kabla ya kusimama hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Gia ya kwanza inapaswa kuwa tayari pikipiki inaposimama, ili mwendeshaji aweze kuondoka upesi iwapo lori la nyuma halionyeshi dalili ya kusimama.

Mguu wa kushoto ndio unaoteremshwa chini, na wa kulia hubaki kwenye breki ya nyuma. Ikumbukwe kuwa barabara nyingi huinama kuelekea ukingoni ili maji yatiririke. Mguu wa kushoto huweza kukuta ardhi iko chini kuliko ilivyotarajiwa, na mahali pa kuukanyagia panafaa kuangaliwa mapema.

Kasi ikizidi maradufu, umbali huzidi mara nne

Hakuna ustadi wa vidole unaoweza kufidia kasi iliyopita kiasi. Umbali wa kusimama una sehemu mbili: ule unaosafiriwa mwendeshaji akitambua hatari, na ule unaosafiriwa breki zikifanya kazi.

Kwa mwendeshaji anayechukua sekunde moja kutambua hatari, mwenye breki nzuri kwenye lami kavu, kilomita 20 kwa saa huhitaji takriban mita 9 kusimama. Kilomita 30 huhitaji takriban mita 15, na kilomita 60 huhitaji takriban mita 45.

Umbali wa breki peke yake hupanda kutoka takriban mita 7 kwa kilomita 30 hadi mita 28 kwa kilomita 60. Kasi imezidi mara mbili tu, lakini umbali umezidi mara nne. Mtoto akitokea nyuma ya matatu iliyosimama mita 20 mbele, mwendo wa kwanza humwokoa na wa pili humgonga.

Abiria na mizigo

Abiria mwenye kilo 70 huongeza zaidi ya nusu ya uzito wa pikipiki ndogo, na uzito huo hukaa juu na nyuma. Breki hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Mwendeshaji anapaswa kuanza kuzitumia mapema na kubana kwa nguvu zaidi bila kukurupuka.

Uzito wa abiria hukandamiza gurudumu la nyuma, hivyo breki ya nyuma huwa na manufaa zaidi kuliko mwendeshaji akiwa peke yake. Hata hivyo, ya mbele haifai kuachwa.

Abiria naye ana wajibu. Anapaswa kukaa karibu na mwendeshaji, miguu yote miwili ikiwa juu ya vikanyagio, na kutulia pikipiki inapolala kwenye kona. Anayeegemea upande wa pili kwa hofu huharibu mizani wakati pikipiki inaihitaji mno. Anayeketi kiupande huvuta uzito upande mmoja, na mwendeshaji hana budi kukunja kona kwa uangalifu maradufu.

Gunia la viazi au mtungi wa maziwa halijui kutulia. Mzigo uliofungwa vibaya husogea mbele breki zinapobanwa na kando kwenye kona. Unapaswa kufungwa chini, katikati, na kukazwa kabla ya safari.

Mvua, udongo na matuta

Misimu ya mvua, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba, hubadilisha hesabu yote. Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Utelezi huo huwa mkubwa zaidi palipo na magari yanayosimama muda mrefu, kama vile steji na vituo vya mafuta.

Kwenye lami iliyolowa, breki zote mbili bado hutumika. Kinachobadilika ni kwamba hubanwa mapema na kwa wepesi zaidi. Alama za rangi barabarani, vifuniko vya chuma na reli huteleza kuliko lami, na hazifai kuguswa breki zikiwa zimebanwa au pikipiki ikiwa imelala.

Kwenye changarawe na matope, breki ya nyuma huchukua nafasi kubwa, kwa sababu gurudumu la nyuma likiteleza kidogo mwendeshaji huweza kulirejesha. La mbele likiteleza, muda wa kulirejesha huwa haupo. Ya mbele huguswa kwa kidole kimoja au viwili, pikipiki ikiwa imenyooka tu.

Kwenye matuta, kosa la kawaida ni kubana breki hadi juu ya tuta. Shoki zikiwa zimeshadidimia haziwezi kumeza mshtuko, na abiria hurushwa. Mwendo unapaswa kupunguzwa kabla ya tuta, kisha breki ya mbele iachiliwe gurudumu linapoligusa.

Miteremko ya magharibi

Magharibi mwa Thika, kuelekea Gatundu na Gatanga, nchi imejaa matuta ya vilima na mabonde ya mito. Huko baadhi ya waendeshaji huzima injini au kuweka gia huru wakiteremka ili kuokoa petroli.

Akiba hiyo ni ndogo na gharama yake ni kubwa. Injini iliyo kwenye gia huizuia pikipiki isiongeze kasi. Ikiondolewa, kazi yote huziangukia breki. Breki za dramu zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto jingi na kupoteza nguvu, wakati hasa zinapohitajika.

Inayofaa ni gia ya chini, mafuta yakiwa yamefungwa, na breki zikibanwa kwa vipindi. Kona iliyo mwishoni mwa mteremko huhitaji mwendo upunguzwe mapema zaidi, kwa kuwa uzito umeshahamia mbele hata kabla ya breki kuguswa.

Pikipiki za umeme

Pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana nchini hazina klachi wala gia za kubadilisha kwa mguu. Baadhi huwa na mikono miwili ya breki usukanini, ule wa kushoto ukiwa wa gurudumu la nyuma.

Mhudumu aliyezoea klachi upande wa kushoto anapaswa kujihadhari. Akiuvuta mkono huo wote kwa mazoea, atalifunga gurudumu la nyuma. Kanuni ya kona haibadiliki: mafuta hugeuka kuwa umeme kidogo usiobadilika, na breki ya nyuma huendelea kutuliza mwendo.

Breki mbovu haina ustadi

Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za dramu nyuma, na baadhi zina dramu mbele pia ilhali nyingine zina disiki. Breki ya dramu huhitaji kukazwa kadiri inavyolika. Mkono wa breki unaofika hadi kwenye usukani, au pedali inayoshuka sana kabla ya kushika, ni dalili kwamba wakati wa kumwona fundi umefika.

Waya wa breki ya mbele unaokwaruza au uliokatika nyuzi unapaswa kubadilishwa mara moja. Breki ya disiki hukaguliwa unene wa pedi na kiwango cha maji ya breki. Mafuta ya mnyororo hayafai kabisa kugusa disiki, dramu au tairi.

Baada ya kuvuka maji, dramu huweza kulowa na breki kukosa nguvu. Mwendeshaji huzikausha kwa kuzibana kwa wepesi huku akienda polepole. Tairi zilizolika au zenye upepo usiofaa hupunguza mshiko, hata breki ziwe nzuri kiasi gani.

Mazoezi ya nusu saa

Ustadi huu haupatikani kwa kusoma. Uwanja mtupu, chupa sita za plastiki na nusu saa asubuhi kabla ya kazi vinatosha, mwendeshaji akiwa amevaa kofia na akiwa bila abiria.

Zoezi la kwanza ni kusimama kwenye mstari. Mwendeshaji huanza kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, akitumia breki zote mbili hadi gurudumu la mbele lisimame mstarini bila pikipiki kunesa.

Zoezi la pili ni mbio za konokono. Chupa hupangwa kwa mstari wa mita 20, na anayechukua muda mrefu zaidi kuupita bila kutia mguu chini ndiye mshindi. Huko ndiko klachi nusu na breki ya nyuma hufundishwa.

Zoezi la tatu ni kugeuza ndani ya upana wa mita saba, kulia na kushoto, bila kugusa breki ya mbele. Akishalimudu, hulirudia akiwa na mwenzake aliye na uzoefu nyuma, naye akiwa amevaa kofia.

Sheria haijasahau

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwendeshaji na abiria wa pikipiki ya biashara kuvaa kofia ya kinga na jaketi yenye viakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki ni ya daraja la A3, katika utaratibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA).

Masharti hayo yana uhusiano na breki. Abiria wa pili huongeza uzito, humsukuma mwendeshaji juu ya tangi na kumnyima nafasi ya kusogeza mwili na kufikia breki ya nyuma vizuri. Kofia nayo hulinda kichwa pale ustadi unaposhindwa, hata katika anguko la mwendo wa pole, kwani kichwa kinachogonga ukingo wa zege hakiulizi pikipiki ilikuwa ikienda kwa kasi gani.

Kwa mhudumu anayeanza kazi leo katika steji ya Ruiru au Thika, lililo muhimu ni kupunguza mwendo akiwa amenyooka kwa breki zote mbili, kuiachilia ya mbele kabla ya kukunja usukani, na kumalizia kwa ya nyuma. Abiria aliyefika bila kutikiswa humtafuta mhudumu yule yule siku inayofuata.